Karanga Hazikuiua Reli ya Nachingwea

Mjini Nachingwea kuna kata iitwayo Stesheni. Ina diwani wake, ina wapiga kura wake, ina watoto wanaokwenda shule. Treni ndiyo haina, na haijaiona tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mgeni akiuliza kulikoni, jibu hutoka papo hapo: Waingereza walijenga reli kwa ajili ya karanga, karanga zikawashinda, reli ikafa nazo. Jibu hilo utalisikia kwenye kijiwe cha kahawa, utalisikia darasani, na utalisikia kwa mtaalamu wa mipango aliyekuja na kompyuta yake kutoka makao makuu.

Tena jibu hilo lina mkia, na mkia ndio unaouma. Husemwa kwamba Kusini kulikuwa pori tupu, hakukuwa na mzigo wala abiria, na kwamba kupeleka reli huko kulikuwa upuuzi tangu siku ya kwanza. Nalipinga jibu hilo pamoja na mkia wake. Siutetei ukoloni, wala sina hamu ya kuupamba mradi uliowatoa watu jasho bure. Ninachosema ni kwamba tarehe zinalikataa jibu hilo, ramani inalikataa, na mikorosho inalikataa. Lau lingekuwa kosa la wanahistoria peke yao, ningewaachia wenyewe. Lakini ni hoja inayofufuka kila Kusini inapoomba njia: "Mlipewa reli mkaishia wapi?"

Nianze kwa kukiri lililo kweli. Bila karanga, reli hii isingejengwa wakati ule. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akaja na wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ya chama cha Labour ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Wakefield na wenzake walirudi na mpango wa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Tanganyika ilipangiwa mashamba 80, na kati ya hayo 55 yalikuwa ya Jimbo la Kusini. Ukipiga hesabu, Kusini peke yake ilipangiwa ekari zaidi ya milioni moja na nusu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa bandari na reli. Karanga za ekari milioni moja na nusu hazibebwi kichwani wala kwa malori machache ya vumbi. Ikaamuliwa bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara, na reli ya kipimo cha mita moja iingie bara hadi Nachingwea, mahali palipoteuliwa kuwa makao ya mradi wa Kusini. Yaliyofuata yanajulikana. Kongwa, ambako kazi ilianza, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakosa ratiba, matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita yakaharibika moja baada ya jingine. Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa akijibu maswali ya Bunge la London wiki hadi wiki. Januari 1951 serikali yake ikatangaza kuuacha mpango mkubwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikafutwa vitabuni.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale watu wanapoifunga hadithi hapo, na kumbe upande wa reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Kalenda

Reli ya kwanza ilitokea Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mkwaya palikuwa mahali pa kuanzia tu, kwa sababu bandari ya Mtwara ilikuwa bado haijajengwa. Basi mradi wa karanga ulipovunjwa mwanzoni mwa 1951, kulikuwa na kipande cha reli kilichoanzia kwenye kituo cha muda, na bandari ambayo haijakamilika. Kama reli ingekuwa ni ya karanga tu, huo ndio ungekuwa wakati wa kuacha. Kazi ingesimamishwa, vyuma vingekusanywa, hasara ingekatwa mapema.

Kilichofanyika ni kinyume chake. Ujenzi wa Mtwara uliendelea. Mwaka 1954, miaka mitatu baada ya karanga kuzikwa, bandari ilikamilika na njia ya kutoka Mtwara ikaungana na ile ya Mkwaya pale Ruo. Miaka minne baadaye, 1958, tawi likafika Masasi. Watu wazima, wenye daftari za hesabu na wahandisi wao, waliendelea kuitandaza reli hiyo kwa miaka saba baada ya mradi wa karanga kufutwa. Hawakuwa wakitandaza kwa ajili ya marehemu.

Treni zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, na reli ikang'olewa. Uhai wake wote, tangu Mkwaya hadi kufungwa, haukutimia hata miaka 15, na katika hiyo, zaidi ya kumi ilikuwa baada ya karanga. Ukianza kuhesabu tangu ilipoungana na bandari ya kina kirefu, yaani tangu ilipokuwa reli kamili, hupati hata miaka kumi. Ukihesabu tangu ilipofika Masasi, unapata kama mitano.

Linganisha na Kongwa. Huko nako palijengwa tawi la reli kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, kwa ajili ya karanga hizohizo. Tawi lile lilifungwa kabla miaka ya 1950 haijaisha, na hakuna aliyefikiria kulirefusha. Hiyo ndiyo reli iliyokufa na karanga. Ya Nachingwea ilikufa kifo kingine, na kila kifo kina sababu yake.

Ramani

Sababu ya kwanza imechorwa kwenye ramani. Reli ilipelekwa yalikopangwa mashamba ya wageni. Haikupelekwa waliko wakulima wenyeji. Ilifuata bonde la Lukuledi ikielekea magharibi, ikaishia Nachingwea. Kusini yake, juu ya uwanda wa Makonde, ndiko kulikokuwa na watu wengi: Newala na vijiji vinavyouzunguka mji huo. Huko ndiko mikorosho ilikokuwa ikipandwa kwa mikono ya wakulima wadogo, bila trekta, bila wataalamu kutoka London, bila waziri wa kuulizwa maswali. Treni haikupanda uwanda ule. Mkulima wa Newala aliiona reli kama jambo la watu wa bondeni.

Kwa hiyo anayesema "hapakuwa na mzigo" anasema nusu ya ukweli. Mzigo ulikuwa mdogo pale reli ilipopita, kwa sababu ilipita mahali palipochaguliwa na mpango ulioshindwa. Tawi la Masasi la 1958 lilikuwa jaribio la kurekebisha kosa hilo, kuisogeza reli karibu na wakulima. Lilikuja likiwa limechelewa, likapewa muda mfupi wa kujaribiwa.

Wala hamu ya kuwa na reli Kusini haikuzaliwa na karanga. Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza, walikuwa na mpango wa reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, wakatuma hata msafara wa kuichunguza njia. Haikujengwa. Wakati wa vita vyenyewe Waingereza walikuwa na kireli chembamba cha toroli kutoka Mingoyo kuelekea Masasi, cha kupelekea vifaa vya jeshi. Mara tatu, kila mara kwa sababu nyingine, watawala walitazama Kusini wakaona kwamba pwani na bara haziwezi kuunganishwa kwa miguu ya watu peke yake. Karanga zilikuwa kisingizio cha hivi karibuni cha haja ya zamani.

Kisiwa cha chuma

Sababu ya pili ni upweke. Reli ya Kusini ilikuwa ya kipimo kilekile cha Reli ya Kati, lakini hapakuwa na mahali zilipokutana. Kati yao ulilala Mto Rufiji na mamia ya kilomita za nchi isiyo na daraja wala lami. Injini ikihitaji matengenezo makubwa, behewa likihitajika, kipuri kikikosekana, vyote vilikuja kwa meli. Reli fupi ya namna hiyo hulipa gharama za reli kubwa kwa mapato ya reli ndogo. Hata ingebeba mzigo wa kutosha, ingebaki ghali kuliko wenzake.

Na wenye kuamua walikuwa mbali. Reli ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, makao yake makuu Nairobi, likihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwenye meza ile, Nachingwea ilikuwa stesheni ya mwisho ya reli ya mwisho. Mwaka 1963, wakati treni za Kusini zikiwa zimezimika, shirika hilohilo lilifungua njia ya Ruvu hadi Mnyusi, iliyoiunganisha Reli ya Kati na ya Tanga, na kupitia hiyo, na Kenya. Silaumu kuijenga njia ile. Inaonyesha kipimo kilichotumika: penye mtandao huongezwa, penye upweke hukatwa. Kusini haikunyimwa kwa chuki. Ilinyimwa kwa sababu ilikuwa peke yake, kisha ikaachwa peke yake zaidi.

Wapo wanaoitupia lawama serikali ya Uhuru: "Mzungu alijenga, sisi tukang'oa." Nao hawana haki. Nchi iliyopata uhuru Desemba 1961 ilikabidhiwa reli yenye hasara, isiyoungana na kitu, iliyo chini ya shirika la nchi tatu, na hazina isiyo na akiba. Uamuzi wa kufunga ulitokana na hesabu za shirika zilizoanza kabla ya bendera kupandishwa. Tunaweza kuulizana kama viongozi wetu wangeweza kupigana zaidi. Hatuwezi kusema kwamba wao ndio walioizika.

Mkorosho hauna haraka

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inahusu mti. Mkorosho huanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu au wa nne, na huchukua miaka mingi zaidi kufikia mavuno yake kamili. Mikorosho iliyopandwa kwa wingi Kusini miaka ya 1950 ilitarajiwa kujaza maghala miaka ya 1960. Ndivyo ilivyokuwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Hiyo ilikuwa rekodi iliyodumu kwa miongo mingi.

Pima tarehe hizo. Reli ilifungwa mwanzoni mwa muongo ambao mzigo wake ulikuwa unaiva mashambani. Ni sawa na kufunga duka mkesha wa sikukuu kwa sababu wiki iliyopita hakuja mteja. Wahasibu walitazama daftari za nyuma. Hakuna aliyekwenda shambani kuhesabu miche.

Serikali yenyewe baadaye ilikiri kwa vitendo kwamba mzigo upo. Ilikopa fedha ikajenga viwanda vya kubangua korosho, kimoja kikiwa Nachingwea, kingine Mtama, vingine Masasi, Newala na Mtwara. Yaani kilijengwa kiwanda kwenye mji uleule ulioonekana hauna cha kusafirisha. Kwamba viwanda vile navyo vilikuja kusinzia ni habari nyingine, yenye ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga ndani yake, yenye watu kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho yao nyuma, na yenye bei mbaya kwa mkulima. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Lakini anguko hilo lilikuja zaidi ya miaka kumi baada ya reli kuondoka. Haliwezi kutumika kama sababu ya kuiondoa.

Na korosho hazikuwa mzigo pekee uliochelewa kuonekana. Septemba 1964 FRELIMO walianza vita vya ukombozi wa Msumbiji. Nachingwea ikawa kambi yao kuu ya mafunzo, kwenye mashamba yaleyale ya karanga, mahali panapojulikana hadi leo kama Farm 17. Samora Machel aliishi na kufundisha hapo. Kwa miaka kumi, hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, Kusini ilikuwa mstari wa nyuma wa vita. Silaha, chakula, dawa na majeruhi vilipita kwenye barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Tuta la reli lilikuwepo. Reli juu yake haikuwepo.

Wanaopinga wana hoja zao

Mwenye kubishana kwa haki hapuuzi hoja za upande wa pili, nami nazijua tatu.

Ya kwanza ni kwamba reli ilikula hasara kila mwaka. Kweli. Lakini hasara ni jibu la swali, na swali linaweza kuwa baya. Ukiuliza, "Je, reli hii ya kilomita mia mbili na ushei, isiyoungana na nyingine, inarudisha fedha yake mwaka huu?" jibu ni hapana. Ukiuliza, "Je, nchi ya Kusini itakuwaje miaka thelathini ijayo ikiwa nayo au ikiwa haina?" unapata mazungumzo mengine kabisa. Swali la pili lilikuwa likiulizwa Tanzania muongo huohuo. Mwaka 1964 wataalamu wa Benki ya Dunia walisema reli ya kwenda Zambia haina faida. Nyerere na Kaunda hawakukubali, wakaenda China, na kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860 za TAZARA. Hatukusema "hailipi" tukanyamaza. Tulisema taifa linahitaji njia. TAZARA imepata taabu zake tangu siku hizo, lakini hakuna mwenye akili timamu anayedai Mbeya na Njombe zingekuwa hivi zilivyo bila hiyo. Kusini ilipimwa kwa mizani ya kwanza. Kaskazini yake, miaka michache baadaye, ilipimwa kwa mizani ya pili.

Hoja ya pili ni ya umbali. Wataalamu wa usafirishaji watakwambia reli hushinda lori kwenye safari ndefu. Kwenye kilomita mia mbili, lori hupakia mlangoni na kushusha mlangoni, na gharama za kupakia mara mbili humla mwenye reli. Hoja hii naikubali, tena naiona ndiyo nzuri kuliko zote. Lakini angalia inakopeleka. Haisemi kwamba reli haikufaa Kusini. Inasema reli iliishia mapema mno. Reli ya Mtwara inayokomea Nachingwea ina taabu. Reli ya Mtwara inayofika Songea na Ziwa Nyasa ina umbali, ina makaa ya mawe, ina mahindi, ina kahawa ya Mbinga. Wajerumani waliliona hilo kabla ya 1914. Reli ya Nachingwea ilikuwa kipande cha kwanza cha kazi ambayo haikumaliziwa, na kipande cha kwanza cha kazi yoyote huonekana upumbavu ukikipima peke yake.

Hoja ya tatu ni ya msimu. Korosho huvunwa Oktoba hadi Januari, zaidi kidogo. Treni inataka mzigo mwaka mzima. Hii nayo ina ukweli, ila haijakamilika. Kabla ya korosho huja ufuta, halafu mbaazi. Na treni haipandi tupu: mkulima wa korosho anahitaji salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na salfa hiyo huingia kwa meli katikati ya mwaka, wakati mavuno yamekwisha. Saruji, mafuta, mabati, mbolea, vyote hupanda kutoka pwani. Msimu wa kushuka na msimu wa kupanda vinapishana. Mtu aliyewahi kuishi Nachingwea mwaka mzima analijua hilo. Aliyeitazama kwa takwimu za mwezi mmoja halijui.

Nani alilipa

Reli ilipoondoka, gharama haikuondoka nayo. Ilihama tu: ikatoka kwenye vitabu vya shirika ikaingia mfukoni mwa mkulima.

Kwa miaka mingi Kusini ilifungwa na mvua. Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikikwama, foleni ya malori na mabasi ilikaa siku kadhaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa Agosti 2003, miaka 40 hivi baada ya reli kwisha. Lami ya kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara haikukamilika hadi muongo uliofuata. Lami ya Nanganga hadi Ruangwa ni ya karne hii. Kila mwaka kati ya reli ile na lami hii, bei ya korosho shambani ilikatwa kwanza na nauli, kabla mkulima hajaambiwa bei yake.

Ukitaka kuona gharama hiyo ikifanya kazi, nenda kwenye ghala msimu wa mnada. Mkulima wa Ruangwa, Nachingwea au Liwale hupeleka korosho zake kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika. Zinakaushwa, zinachambuliwa, zinapimwa, zinatiwa kwenye gunia, na karani anaandika stakabadhi. Kutoka hapo zinakwenda ghala kuu, na chama kikuu cha RUNALI, chenye jina lililounganisha herufi za wilaya hizo tatu, kinazipeleka mnadani. Mnunuzi akipatikana, semitrela zinapanga foleni. Gunia lina uzito wa kilo 80 hivi. Lori la tani 30 linataka magunia 375, na yote hupanda kwa mabega ya makuli, mmoja akitoka na mwingine akiingia, vumbi la korosho likiwaganda shingoni. Dereva anasubiri zamu yake akiwa amelala kivulini chini ya trela. Lori moja likiondoka, jingine linarudi nyuma kushika nafasi.

Msimu wa 2024/25 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 500,000. Kwa malori ya tani 30, hizo ni safari zaidi ya 16,000. Treni moja ya mabehewa 20 yenye uwezo huohuo ingebeba mzigo wa malori 20. Sidai kwamba kila gunia lingepanda treni. Nasema tu kwamba nchi yenye safari za malori zaidi ya elfu kumi na sita za zao moja haiwezi kuambiwa haina mzigo.

Na zao moja ni sehemu tu. Miaka hii makaa ya mawe ya Ruvuma yanakwenda bandari ya Mtwara kwa malori, usiku na mchana, kupitia Masasi, yakiikanyaga barabara ambayo haikujengwa kwa ajili hiyo. Bandari yenyewe imeongezewa gati la mita 300. Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo dunia inayatafuta kwa ajili ya betri. Mgodi wa Lindi Jumbo peke yake umekusudiwa kutoa tani 40,000 kwa mwaka. Nachingwea ina nikeli ya Ntaka Hill. Pori lililodaiwa kuwa tupu limegeuka kuwa orodha ndefu.

Kosa lile lile, jina jipya

Kuna mpango wa serikali wa kujenga reli ya kisasa ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kilomita kama 1,000, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma. Nauunga mkono. Lakini nikisikiliza unavyotetewa, nasikia sauti ya 1946. Hoja inayotangulia daima ni chuma na makaa: tani kadha wa kadha za mgodi fulani zitalipa reli. Mgodi ukichelewa, reli inachelewa. Mwekezaji akijitoa, reli inawekwa kando. Bei ya chuma ikishuka duniani, itasemwa hailipi.

Huo ndio ugonjwa uliowaulia wazee wetu reli yao, si karanga zenyewe. Reli ya Nachingwea ilibuniwa kwa mzigo mmoja, ikachorwa kwa ramani ya mzigo mmoja, na ilipopata mzigo mwingine, daftari likawa bado linauliza kuhusu ule wa kwanza. Reli ya Mbamba Bay ikichorwa kwa ajili ya Liganga peke yake, itapita karibu na wakulima kama ile ya zamani ilivyopita chini ya Newala, na siku Liganga ikikohoa, itaonekana haina kazi.

Basi nina ombi kwa wanaoandaa mpango huo, na kwa madiwani na wabunge wa Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Masasi. Kabla alama ya kwanza haijachomekwa ardhini, hesabuni mzigo wa wakulima kama mnavyohesabu wa migodi: korosho, ufuta, mbaazi, salfa, saruji, na watu. Hesabuni miche iliyoko shambani, si magunia ya mwaka jana tu. Wekeni stesheni walipo watu, na mataruma ya tawi la Nachingwea yawe kwenye michoro tangu mwanzo, yasije yakaombwa baadaye kama hisani. Na mkiambiwa kwamba Kusini ilishapewa reli ikashindwa kuitumia, jibuni kwa tarehe: karanga zilikwisha 1951, reli ilirefushwa hadi 1958, ikafungwa kabla mikorosho haijafika mavuno yake makubwa. Reli ile haikukosa mzigo. Ilikosa muda.